Je, neno «maandazi» linaweza kubeba vyakula vyote vitamu vya unga? Asili yake ni ipi?

MwalimuMlimwa ameandika:

Wanajukwaa, salaam nyingi kutoka Dodoma.

Mdogo wangu wa kike na mwenzake aliyesoma naye wanafungua duka karibu na Soko la Majengo, watakapouza mikate, keki, skonzi, biskuti na vitu vingine vya jamii hiyo. Tanuri limekwisha kufika, rafu zimepigiliwa, na fundi wa mabango ameandaa rangi yake. Jambo moja tu limebaki, nalo ni neno. Fundi anataka kujua aandike nini kwa herufi kubwa, kwa sababu bango lina urefu wa futi nane na haliwezi kubeba orodha ya kila kinachouzwa ndani.

Nilimshauri mdogo wangu aandike «Maandazi», naye akakataa papo hapo. Alisema kwamba mteja atakayesoma neno hilo ataingia na mia mbili yake mkononi akitafuta andazi la kukaangwa, na akikuta keki ya harusi kwenye kioo ataona kuwa amepotea njia. Ninakiri kwamba katika matumizi ya leo ana haki. Ukisimama asubuhi katika kituo chochote cha daladala hapa mjini ukaagiza maandazi, utapewa kitu kimoja kinachojulikana, yaani donge la unga wa ngano uliokandwa kwa sukari na hamira au hamira ya unga, likakatwa, likaachwa liumuke na kuchovywa katika mafuta ya moto mpaka likawa na rangi ya kahawia.

Hata hivyo, mimi niliyefundisha Kiswahili kwa miaka mingi ninaamini kwamba neno hili lina mwili mkubwa kuliko vazi tulilolivisha. Andazi, kwa umbo lake, ni kitu kilichoandaliwa. Ndani yake hakuna mafuta wala kikaango, hakuna pembetatu wala duara. Kuna kitendo cha kuandaa tu. Na yule anayeandaa ana jina lake la haki, mwandazi, na kazi yake ni uandazi. Ninauliza basi mambo mawili. La kwanza, je, wapo wenye maelezo tofauti kuhusu chanzo cha neno hili? La pili, kama maandazi hayafai kwa bango hilo, ni neno gani la Kiswahili linalokusanya vyakula vitamu vya unga vilivyopikwa, bila kutulazimisha kutaja kimoja baada ya kingine?

Ninaomba tujadili kwa hoja. Jambo hili kwangu si dogo, kwa kuwa mji wetu unajengwa upya mbele ya macho yetu tangu Serikali ilipohamia hapa, na mabango yanayopandishwa sasa ndiyo yatakayowafundisha watoto wetu maneno.

---

Binti_Mpwapwa ameandika:

Shikamoo Mwalimu.

Ninaheshimu maelezo yako, lakini yananipa shaka. Siku zote nimesikia kwamba maandazi ni chakula kilicholetwa pwani na wageni, ama Wahindi ama Waarabu, na kwamba jina lilikuja pamoja na chakula, kama ilivyokuwa kwa chapati, sambusa, halua na ladu. Isitoshe, kama neno lingetoka katika kuandaa, ile z imetoka wapi? Katika kuandaa hakuna z hata moja. Ningetarajia «andao» au «maandalio», na kwa kweli maandalio tunayo tayari. Ninaogopa kwamba tunafanya kama wanavyofanya watu wengi na majina ya mahali, ambapo sauti mbili zikifanana basi hadithi hutungwa ya kuziunganisha. Hata jina la Dodoma lina simulizi yake ya tembo aliyedidimia kwenye chemchemi, nayo husimuliwa kila mara kana kwamba msimuliaji alikuwapo.

---

MwalimuMlimwa ameandika:

Marahaba, binti yangu. Umeuliza swali lenyewe hasa, na ninakushukuru, maana z hiyo uliyoishuku ndiyo shahidi wangu mkubwa.

Tazama vitenzi vyetu vinavyoishia kwa irabu mbili zilizofuatana: kaa, vaa, zaa, lea, okoa, chukua. Vitenzi hivi vyote vilikuwa na konsonanti kati ya irabu hizo, iliyokuwa karibu na sauti l, na Kiswahili kiliipoteza njiani. Ndugu zetu wa lugha nyingine za Kibantu wameitunza. Msukuma akikaa husema kwikala, na Mzulu akizaa husema zala. Kwetu sauti hiyo imelala, lakini haijafa, kwani tunapokinyambua kitenzi huamka. Ndiyo maana tunasema kalia, valia, zalia na lelea, ingawa hakuna mtu aliyetufundisha kuingiza l pale. Sasa sema kuandaa katika hali hiyohiyo. Utasema kuandalia. Hiyo ni alama ya kwanza kwamba andaa ni wa ukoo huo.

Alama ya pili ni hii. Konsonanti ileile iliyolala, ikikutana na kiishio cha zamani cha i kinachounda majina, hugeuka kuwa z. Kwa hiyo anayelea ni mlezi, aliyezaa ni mzazi, anayeokoa ni mwokozi na anayechukua mizigo ni mchukuzi. Wala kanuni haiishii kwa watu. Tunachovaa ni vazi, na kwa wingi ni mavazi. Tunapokaa ni makazi. Kupokea kunatupa mapokezi na kuamua kunatupa maamuzi. Ukiweka vaa, valia, vazi na mavazi upande mmoja, kisha ukaweka andaa, andalia, andazi na maandazi upande wa pili, utaona kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Neno lililokopwa kutoka Bara Hindi au Arabuni lisingeweza kupanga safu yake kwa nidhamu ya namna hiyo.

Kuhusu chakula chenyewe, sikatai kwamba hamira, ambayo kwa Kiarabu ni khamira, ni neno la wageni, na huenda upishi wenyewe ulifunzwa kwao. Lakini mtu anaweza kupokea chakula cha mgeni akakipa jina la nyumbani, na pwani walifanya hivyo. Ninaona fahari kubwa kwamba kati ya chapati, sambusa na halua, ambazo zote zimebaki na majina zilizokuja nayo, andazi lilipewa jina kwa sarufi yetu wenyewe.

---

Binti_Mpwapwa ameandika:

Mwalimu, nimeshawishika kuhusu z. Nimekaa nikijaribu vitenzi vingine, na tembea imenipa mtembezi, jua imenipa ujuzi, gundua imenipa ugunduzi. Sitaibishia tena asili yake. Bado ninasimama na mdogo wako kuhusu bango.

---

MzeeWaBahi ameandika:

Wapendwa, kabla hamjasahau, neno mkate nalo lisiachwe nje. Vijana siku hizi wakisikia mkate huona ule mrefu wa kukatwa vipande na kufungwa katika mfuko, na wengine husema umeitwa mkate kwa sababu unakatwa. Ninapinga maelezo hayo. Tulipokuwa wadogo tulijua mkate wa tumbaku, yaani tumbaku iliyopondwa na kushindiliwa mpaka ikawa bonge bapa, na hakuna aliyeiwekea kisu kwanza ndipo ikapata jina. Mkate ni kitu laini kilichofinyangwa kikashikamana. Kwa maana hiyo watu wa pwani wana mkate wa sinia na mkate wa kumimina, ambao hutengenezwa kwa unga wa mchele na nazi, na mkate wa mayai ambao ninyi mngeuita keki bila kusita.

Tena wanao mkate wa mofa. Huo ni wa unga wa mtama, na mofa ni jina ambalo watu wa Yemeni hulitumia kwa tanuri la udongo. Ninalileta hapa kwa sababu sisi wa Dodoma ni watu wa mtama na uwele. Tunapika ugali wake kwa mlenda, tunakunywa uji wake, lakini tukisikia habari ya mkate au keki mara moja tunakimbilia ngano, kana kwamba nafaka iliyotulea haiwezi kuingia katika tanuri. Kama dada huyo atatengeneza mkate wa mtama wenye sukari kidogo na karanga za Kongwa, mimi nitatoka Bahi kwa nauli yangu kuufuata.

---

AlizetiYaSingida ameandika:

Nimefuatilia mjadala huu tangu mwanzo, na ninaona hatujaligusa neno ambalo wateja wengi watalitumia watakapoingia dukani, nalo ni keki.

Keki tumeichukua kwa Waingereza, na Waingereza nao waliichukua kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, waliosema kaka. Neno hilo lilipofika kwetu lilikatwa mbawa. Kwa Mwingereza, kaka huyo aliyegeuka ni neno pana, linaloweza kuwa chakula kitamu cha sherehe, kipande cha sabuni, au hata kile kinachobaki baada ya kukamua mbegu za mafuta. Kwetu Singida, ambako alizeti inakamuliwa kila mtaa, mabaki hayo tunayaita mashudu na kuwalisha ng'ombe, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeyaita keki ya alizeti. Sabuni nayo ni mche au kipande. Tuliazima neno la Kiingereza kwa ajili ya siku ya kuzaliwa na harusi tu, kwa sababu kazi zake nyingine tayari zilikuwa na watu wake.

Ninalisema hili kwa sababu linaeleza pia kilicholipata neno andazi. Maneno ya chakula hupanuka na kupungua kufuatana na kile kinachowekwa sahanini kila siku. Mboga, kwa mfano, ni mmea, lakini ukiuliza hapa kwetu «leo mboga ni nini?» unaweza kujibiwa kuwa ni nyama ya mbuzi, na hakuna anayeshangaa. Mboga imepanuka ikawa chochote kinacholiwa na ugali. Andazi limekwenda njia ya pili. Lilikuwa chochote kilichoandaliwa, likabaki jina la kile kilichoandaliwa mara nyingi zaidi kuliko vingine. Kwa hiyo Mwalimu ana haki kuhusu jana na mdogo wake ana haki kuhusu leo.

Niongeze mawili mafupi. Skonzi ni neno lililoingia likiwa limevaa wingi wa Kiingereza, ile s ya mwisho, nasi tukalifanya umoja, kama tulivyofanya kwa chipsi. Biskuti nayo imetoka mbali zaidi, katika Kilatini, ambako maana yake ilikuwa kilichopikwa mara mbili, kwa kuwa mkate wa mabaharia uliokwa kisha ukarudishwa motoni ukauke usiharibike safarini. Ninadhani ile u yetu ya katikati ni ya kuzingatia. Mwingereza hutamka i mahali hapo, lakini Mhindi husema biskut. Huenda basi tulilisikia neno hili dukani kwa Mhindi kabla ya kulisikia mezani kwa Mwingereza.

---

JikoLaIpagala ameandika:

Habari zenu nyote. Mimi ni mpishi, na ninauza chai ya asubuhi. Neno ambalo ninalisikia kila siku na ambalo hamjalitaja ni vitafunwa. Mteja hukaa, huagiza chai, halafu huuliza, «Vitafunwa vipo?» Hapo anaweza kupewa andazi, kitumbua, chapati, skonzi, hata kipande cha muhogo. Kwa nini bango lisiandikwe «Vitafunwa»? Tatizo langu ni kwamba wengine husema vitafunio, na kila mmoja hudai kwamba mwenzake amekosea. Mwalimu, ninaomba utuamulie.

---

MwalimuMlimwa ameandika:

Mama, hoja yako ni nzuri na nimeilalia usiku mzima.

Kitafunwa ni kile kinachotafunwa. Ile w ni ya kutendwa, na neno linasimama imara. Kitafunio limejengwa kwa namna nyingine, katika kutafunia, kwa kiishio cha o. Vitenzi vya namna hiyo hutupa majina ya vitu vya kufanyia jambo, kama kikalio, kitu cha kukalia. Mtu anaweza kudhani basi kwamba kitafunio kingekuwa meno. Lakini kumbuka kitoweo. Hicho ni kitu cha kutowelea ugali, yaani kinachoandamana nao ili uteremke vizuri, na ugali usingeitwa kitoweo hata siku moja. Kwa mfano huo, kitafunio ni kinachoandamana na chai. Wanaosema vitafunwa wanakitazama kitu chenyewe kinywani, na wanaosema vitafunio wanakitazama mahali pake mezani, kando ya kikombe. Sioni sababu ya kumsahihisha yeyote kati yao.

Kwa bango, hata hivyo, neno hili halinitoshelezi, nawe umelionyesha mwenyewe ulipotaja muhogo. Vitafunwa havibagui. Karanga za kukaanga ni vitafunwa, bisi ni vitafunwa. Neno linaeleza kazi ya meno ya mlaji, na halisemi lolote kuhusu unga, sukari wala moto wa tanuri. Anayefungua duka hilo ameamka saa tisa usiku kukanda unga, na ningependa jina la duka limtaje yeye aliyekesha.

---

KondoaKwetu ameandika:

Assalamu alaykum na Mbukwenyi kwa wenyeji wa Dodoma.

Nitaongeza neno moja ambalo kwetu Kondoa husikika zaidi mwezi wa Ramadhani, nalo ni kaimati. Ni vidonge vidogo vya unga ulioumuka, vinavyokaangwa na kuchovywa katika shira. Kwa Kiarabu ni luqaymat, wingi wa neno linalotokana na luqma, yaani tonge. Kwa hiyo mtu anayekula kaimati anakula vitonge vidogo. Ninavutiwa na jambo hili kwa sababu Waarabu walikiita chakula hicho kwa ukubwa wa tonge, ilhali sisi tulikiita cha kwetu kwa kazi ya kukiandaa.

Na kwa kuwa Mwalimu ametaja hamira, mzizi wake wa Kiarabu ni uleule unaozaa khamr, yaani mvinyo, kwa sababu vyote viwili ni habari ya kuumuka na kuchacha. Kwa hiyo chachu ya mkate wenu na kinywaji kinachotengenezwa kwa zabibu zenu ni jamaa wa mbali. Neno zabibu lenyewe lina safari ya ajabu. Kwa Kiarabu zabib ni tunda lililokaushwa, na bichi lina jina jingine, inab. Pwani walizipokea zikiwa kavu kutoka majahazini, jina likashika, na leo hapa Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka mashada mabichi yenye maji tele na kuyaita kwa jina la tunda kavu. Tukitaka kuzitia katika keki tunalazimika kusema zabibu kavu, ambayo kwa sikio la Mwarabu ni kukausha kilichokwisha kukauka. Ninawasihi kina dada hao watie zabibu za hapa katika keki zao, maana itakuwa haki kwa mji huu.

---

Binti_Mpwapwa ameandika:

Ndugu wa Kondoa, nimejifunza kitu kikubwa leo.

Mwalimu, nina pendekezo. Katika ujumbe wako wa kwanza ulitaja neno mwandazi, nasi sote tukalipita. Kizuizi cha maandazi ni kwamba kila mtu ana picha yake kichwani, ile ya andazi la mafuta. Mwandazi hana picha hiyo. Mtu akisoma «Mwandazi» atalitambua kwa sikio, atalihusisha na kuandaa na maandazi kwa pamoja, na nafasi itabaki ya kuweka ndani yake keki, mikate, skonzi na hata mkate wa mtama wa Mzee wa Bahi. Tena linamtaja aliyekesha, kama ulivyotaka. Tuna mshonaji, tuna mjenzi, tuna mchukuzi. Sioni kwa nini mwandazi aendelee kukaa kimya.

---

MwalimuMlimwa ameandika:

Binti yangu, nimekisoma ulichoandika mara tatu, kisha nikampigia simu mdogo wangu nikamsomea. Alinyamaza kidogo, akalitamka neno mara mbili kana kwamba analionja, halafu akasema, «Kaka, hilo ndilo.» Ameomba chini yake yaandikwe kwa herufi ndogo maneno «mikate, keki na vitafunwa», ili mpita njia asiulize, nami nimekubali. Mama wa Ipagala, neno lako limepata mahali.

Nimemtumia fundi uzi huu ausome.

---

FundiBango_Majengo ameandika:

Wazee wangu, shikamooni. Mimi ndiye fundi anayesubiriwa. Nimesoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Herufi nane za neno hilo zinaenea vizuri katika futi nane, kila herufi na futi yake, nami nimekwisha kupiga mistari ya penseli. Kabla sijashika brashi ninaomba nijibiwe swali moja, kwa sababu rangi ya mafuta haifutiki. Nilipokwenda kupima bango niliwakuta kina dada wawili wanakanda unga kwenye meza moja. Je, niandike Mwandazi, au Waandazi?

---

MwalimuMlimwa ameandika:

Umeona vizuri kuliko sisi sote, kijana wangu. Marahaba. Nimewauliza wenyewe. Andika Waandazi.